Picha na michoro ya mashabiki iliyopotelea kwenye tovuti zilizokufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kati ya 2004 na 2010 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe pale Ngamiani, Tanga. Kazi niliyoajiriwa nayo ilikuwa kuuza muda, kuskani vyeti na kuwafungulia watu baruapepe. Kazi niliyoipenda ilikuwa nyingine. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wakija na daftari zimejaa mashujaa wa katuni za Kijapani, kina Ndumilakuwili wa katuni zetu waliochorwa upya, waimbaji wa taarab, wasanii wa Bongo Fleva na wachezaji wa Coastal Union. Naskani, tunapandisha kwenye kurasa za bure, tunakaa kusubiri nani ataisifia. Kurasa hizo karibu zote zimekufa, na waliochora sasa ni watu wazima wenye watoto wanaotaka kuona baba alikuwa akichora nini. Tangu ijulikane kwamba huwa nazichimbua, simu hazikatiki, na maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa ili nikipigiwa niseme: nenda kasome, ukikwama rudi.

Tovuti imefungwa. Ndiyo picha imekwenda moja kwa moja?

Inategemea marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

GeoCities, iliyokuwa ikitoa kurasa za bure na ambayo Yahoo waliinunua 1999, iliaga kwa kutangaza. Ilifungwa 26 Oktoba 2009, na kabla ya siku hiyo kundi la watu wa kujitolea liitwalo Archive Team lilikomba kurasa usiku na mchana. Mwaka uliofuata walitoa hadharani furushi la zaidi ya gigabaiti 600. Mtu aliyekuwa na ukurasa huko ana matumaini mazuri tu.

MySpace, mtandao wa kijamii, ni msiba wa aina nyingine. Mwaka 2019 ilikiri kwamba picha, nyimbo na video zilizopakiwa kabla ya 2016 huenda zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Hakuna aliyepewa nafasi ya kuokoa chake. Photobucket yenyewe haikufa, ilifunga mlango: mwaka 2017 ilianza kudai karibu dola 400 kwa mwaka kwa anayetaka picha alizohifadhi humo zionekane kwenye tovuti nyingine, na mahali pa michoro pakatokea kibao cha kudai malipo. Hapo picha inaweza kuwa ipo, ila imefungiwa. TinyPic, nayo ya kuhifadhi picha, ilizimwa Septemba 2019. Kwa mitandao ya kijamii, Orkut ilizimwa Septemba 2014, Google+ Aprili 2019.

Kwa hiyo kabla hujalia, jua kwanza tovuti yako ilifungwa lini na kwa namna gani.

Nianzie wapi?

Anza na anwani. Hili ndilo ninalolirudia mpaka koo linakauka. Watu wanakuja na sura ya picha kichwani: "Ilikuwa ya samawati, kuna jamaa ameshika upanga, nyuma kuna mnazi." Karibu hakuna ghala la kumbukumbu za mtandao linaloelewa mnazi. Maghala hayo yamepangwa kwa anwani na tarehe, kama rejista ya wagonjwa hospitalini. Ukienda na jina na mwaka, faili linatoka. Ukienda na maelezo ya sura, utakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Kaa chini na karatasi. Andika jina la tovuti, jina ulilokuwa unatumia humo (lile la ujana unaloona aibu kulitaja ndilo lenyewe), mwaka, na jina la faili kama unalikumbuka. Mwaka ukikuponyoka, utege kwa matukio: ulikuwa kidato cha ngapi, ilikuwa kabla au baada ya Kombe la Dunia la Ujerumani, ulikuwa na simu gani.

Anwani siikumbuki hata herufi moja.

Unayo mahali. Fungua baruapepe yako ya zamani, utafute neno "karibu" na "thibitisha" kwa lugha zote mbili, maana kila tovuti ilituma ujumbe wa kukukaribisha ulipojisajili. Angalia jalada la daftari. Kijana mmoja wa Chumbageni aliipata yake imeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kamusi. Waulize mliokuwa mnachora pamoja, kwa sababu enzi hizo kila ukurasa ulikuwa na sehemu ya viungo vya marafiki. Ukipata ukurasa wa mmoja, umepata mlango wa kuingilia kwa wengine watano.

Kama ulikuwa GeoCities kabla ya Yahoo kubadilisha mpangilio, kumbuka kwamba kurasa zilipangwa kwa mitaa. Wapenzi wa katuni za Kijapani wengi walikaa mtaa wa Tokyo, wa mambo ya anga na vitabu vya kubuni wakakaa Area51. Anwani ilikuwa mtaa na namba ya nyumba, kama Ngamiani na barabara zake za namba.

Na ingia kwenye akaunti zako za zamani leo, si kesho. Yahoo hufuta sanduku la barua lisilofunguliwa kwa miezi 12. Google tangu Desemba 2023 imeanza kufuta akaunti binafsi zilizolala miaka 2. Wako wanaokuja kwangu wakati barua zenyewe zilizobeba ushahidi zilifutwa mwaka jana.

Wayback Machine ni nini hasa, na naitumiaje?

Ni ghala la Internet Archive, shirika lisilo la faida la Marekani lililoanzishwa 1996 na Brewster Kahle. Ghala lilifunguliwa kwa umma 2001. Mashine zao huzunguka mtandaoni zikipiga nakala za kurasa, na kila nakala hupewa tarehe na saa. Ni bure, huhitaji kujisajili.

Nenda web.archive.org, weka anwani ya zamani. Itatokea mistari ya miaka, na chini yake kalenda. Siku zenye duara ndizo zenye nakala. Duara la buluu ni nakala nzima. La kijani maana yake ukurasa ulikuwa unaelekeza kwingine. La rangi ya machungwa, ukurasa haukupatikana siku hiyo. Jekundu, seva ilikuwa na hitilafu. Watu wengi hubofya duara la karibuni zaidi, wanakuta tangazo la "jina hili linauzwa", wanakata tamaa. Usianze na la karibuni. Rudi nyuma hadi wakati tovuti ilikuwa hai, anza na buluu ya katikati.

Sasa siri ambayo inafanya kazi kuliko zote. Ukimaliza kuandika anwani ya tovuti, ongeza mkwaju na nyota mwishoni, yaani /*. Badala ya kalenda utapewa orodha ya kila kitu kilichowahi kuhifadhiwa chini ya anwani hiyo, faili kwa faili. Pembeni kuna kisanduku cha kuchujia: andika jpg, kisha gif, kisha png. Nimewahi kupata michoro 11 ya dada mmoja wa Pangani kwa njia hii, wakati ukurasa wake wa mbele haukuwa umehifadhiwa hata mara moja. Ukurasa haupo, picha zipo. Hutokea sana, kwa sababu mashine iliingia kwa mlango wa nyuma kupitia kiungo cha mtu mwingine.

Ukiipata, ipakue hapo hapo. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zake zikazimwa kwa siku kadhaa, na kuna watu walikuwa wamesema "nitaichukua wikiendi".

Ukurasa umefunguka, lakini picha ni visanduku vitupu vyenye alama ya msalaba.

Bofya kisanduku kwa kitufe cha kulia, nakili anwani ya picha, uipeleke peke yake kwenye Wayback Machine. Ukurasa ulihifadhiwa siku moja na picha yenyewe siku nyingine, pengine miaka miwili baadaye, na havikukutana. Katika anwani ndefu utaona tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Ongeza im_ baada ya tarakimu hizo, utapewa picha tupu bila mapambo ya ghala. Jaribu pia kuondoa www, au kuiweka kama haikuwepo.

Ikigoma kote, angalia picha ilikuwa inakaa wapi. Mara nyingi ukurasa ulikuwa kwenye tovuti moja na picha zimepangishwa kwenye nyingine, zile za bure. Basi unatafuta marehemu wawili, si mmoja.

Nimepata kijipicha kidogo tu, kama stempu. Kikubwa kiko wapi?

Swali zuri, na jibu lake huwa limo ndani ya jina la faili. Tovuti nyingi zilitengeneza saizi kadhaa za picha moja na kuzitofautisha kwa alama ndogo kwenye anwani. Photobucket iliweka th_ mbele ya jina la kijipicha: ifute, uone. Kurasa za Blogger zina kipande kama s320 katikati ya anwani; weka s1600 mahali pake. Za WordPress zinaishia na vipimo, kwa mfano -150x150 kabla ya .jpg, vifute. Tumblr ilikuwa na _250, _400, _500, jaribu _1280. Kila ukibadilisha, peleka anwani mpya kwenye ghala.

Isipofanya kazi, huenda kikubwa hakijawahi kuwepo. Tusisahau tulivyokuwa. Kabla ya SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, kuwashwa Julai 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, na picha moja ya megabaiti 1 ilikuwa inakula nusu ya muda wa mteja. Mimi mwenyewe nilikuwa napunguza kila mchoro mpaka upana wa pikseli 400 kabla ya kuupandisha. Nilikuwa naona nawasaidia.

Siwezi kutafuta kwa kutumia picha yenyewe?

Unaweza, kama una nakala yoyote, hata hiyo stempu. TinEye imekuwepo tangu 2008, Google ina Lenzi, na Yandex ya Warusi huwa inaona vitu ambavyo wengine hawaoni. Jaribu zote tatu, hazitoi majibu sawa. Lakini zinatafuta mtandao wa leo. Zitakusaidia tu kama kuna mtu alikopi mchoro wako akauweka kwenye ukurasa ambao bado unapumua. Ghala la Wareno, Arquivo.pt, linaruhusu kutafuta picha za zamani kwa maneno, na Internet Archive wana GifCities, ya picha zile zinazochezacheza za GeoCities. Ile nakala ya muda ya Google, ambayo zamani ilituokoa, iliondolewa 2024, msiitafute tena.

Jambo la lugha pia. Kama mchoro wako ulipendwa na Mjapani au Mswidi, alikopi na kuupa jina kwa lugha yake. Kaka mmoja wa Bagamoyo, ambaye alikuwa akiwachorea watalii karibu na Chuo cha Sanaa, alipata picha mbili za kazi zake kwenye ukurasa wa safari ulioandikwa kwa Kijerumani. Kwa Kiswahili angetafuta mpaka kiama.

Mbona wengine wamehifadhiwa na mimi sijahifadhiwa?

Sababu ni za kawaida tu. Tovuti ilitaka watu waingie kwa pasiwedi, na mashine za ghala hazina pasiwedi. Au mwenye tovuti aliweka faili la kuzikataza. Au hakuna mtu aliyekuwekea kiungo, kwa hiyo mashine haikujua upo. Mwenye tovuti pia anaweza kuomba kazi zake ziondolewe, na huondolewa. Usijihesabu mkosi: utafiti wa Pew Research Center wa 2024 ulikuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazipatikani tena.

Tovuti yetu ilikuwa ya Flash, inafunguka nyeupe.

Flash, programu iliyokuwa ikichezesha michoro kwenye kurasa, Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020. Tafuta programu ya bure iitwayo Ruffle, iweke kwenye kivinjari, jaribu tena.

Nimemaliza mtandao wote, hakuna kitu. Ndiyo basi?

Ndiyo kwanza unaanza. Kwa hesabu yangu ya kienyeji, wanaofanikiwa kupitia kabati za nyumbani ni wengi kuliko wanaofanikiwa kupitia mtandao.

Tafuta kompyuta ya zamani, hata kama haiwaki. Diski yake inaweza kutolewa na kusomwa kwa waya wa bei nafuu. Ukiifungua, usitafute picha peke yake. Washa uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa, kisha tafuta Thumbs.db. Windows XP ilikuwa ikitengeneza faili hilo ndani ya folda la picha, na ndani yake huweka kijipicha cha kila picha iliyoonyeshwa humo. Uzuri wake ni kwamba picha ikifutwa, kijipicha hubaki. Kuna programu za bure za kulifungua. Tafuta pia folda la Temporary Internet Files, ambako kivinjari kilirundika kila picha uliyoitazama, za kwako na za wenzako.

Flashi na memori kadi zilizofutwa zinaweza kusomwa kwa PhotoRec, nayo ni bure. Sharti moja: usiandike kitu kingine chochote juu yake. Ukiweka nyimbo mpya kwenye flashi hiyo, umejenga nyumba juu ya kaburi. CD zilizochomwa nyumbani ni bahati nasibu, hasa huku pwani. Nimeona zilizokaa Raskazone karibu na bahari zimemea ukungu kama mkate. Zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, na ujaribu kwenye mashine zaidi ya moja; zingine husomwa na kisomaji kimoja tu na kukataliwa na vitatu.

Usisahau karatasi. Mchoro halisi uliochorwa kwa mkono unaweza kuwa bado uko kwa mama, chini ya godoro, pamoja na ripoti za shule.

Na simu ya zamani?

Tafuta chaji yake kwanza sokoni, ndiyo kazi. Ikiwaka, hamisha picha kwa kadi, si kwa bluetooth.

Kuna jamaa anasema atanirudishia kwa laki mbili, nitangulize nusu.

Usitume. Kila nilichokiandika hapa ni bure, labda uongeze bando na waya wa diski. Fundi wa diski iliyoharibika kweli analipwa, lakini huyo anataka kuishika diski mkononi, haombi pesa kwa simu. Akitaka pasiwedi yako au namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu, huyo si fundi.

Nimeipata, ila aliyechora si mimi. Naweza kuipandisha?

Hapa nawaudhi watu, na niko tayari. Kuiokoa ni jambo moja, kuitangaza ni jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na haijali kama mchoro ulikuwa kwenye tovuti ya bure. Michoro ya mashabiki ina wenyewe wawili: aliyechora, na aliyemuumba mhusika. Ukitaka kuuza fulana zake, wasiliana na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujafika kwa mchapaji.

Zaidi ya sheria kuna adabu. Mtu aliyechora akiwa na miaka 15 leo anaweza kuwa ustadhi au mwalimu mkuu, na hataki kuona alichokuwa akikichora. Mtafute, muonyeshe yeye kwanza, faragha, aamue. Mama mmoja nilipomtumia michoro yake alinijibu kwa neno moja: "Futa." Nikafuta.

Akili bandia haiwezi kunikuzia ile stempu iwe kubwa?

Itakupa picha kubwa, nzuri, na si yako. Mashine haioni kilichokuwepo, inabuni kinachofanana. Nimeona mchoro wa kalamu ya Bic ukirudi na vidole sita na macho ya plastiki. Ukitaka kufanya hivyo kwa burudani, sawa, lakini hifadhi stempu kando na uandike ipi ni ipi, wajukuu wasije wakadanganyika.

Za sasa nizitunzeje zisipotee tena?

Nakala mbili, sehemu mbili, moja isiwe ndani ya simu yako. Skani kwa ukubwa wote, acha kupunguza. Kurasa zako zipeleke mwenyewe kwenye web.archive.org/save, ni dakika moja. Na lipe faili jina la maana lenye mwaka. "IMG_0034" haitamsaidia mtu.

Na wewe, ule mchoro wa Wagosi (Coastal Union) uliupata?

Wanaouliza hili ni wa Tanga, wanaukumbuka. Ulikuwa wa mwanafunzi mmoja, 2006, nyuma ya karatasi ya mtihani wa hisabati: mchezaji wa Coastal Union, jezi nyekundu na nyeupe, nywele zimesimama kama za shujaa wa Kijapani, anaruka juu ya kisiwa cha Toten na mpira mguuni. Nilimskania bure. Karatasi alirudi nayo, ikalowa kwenye mvua za masika akiwa juu ya baiskeli. Ukurasa tulioupandishia ulizimwa, na kwenye ghala kuna duara moja tu, la rangi ya machungwa. Mwenye kafe aliuza kompyuta zote alipofunga, zikiwa zimefutwa, isipokuwa moja aliyoikuta haiwaki akaitupa stoo.

Diski ya hiyo moja niliifungua mwaka juzi. Picha hakuna. Thumbs.db ipo. Ndani yake, kati ya vyeti vya kuzaliwa na picha za pasipoti za watu, kuna mraba wa pikseli 96. Nyekundu inaonekana, nyeupe inaonekana, nywele zinaonekana. Mpira hauonekani. Pembeni chini kuna doa jeusi ambalo ndiyo saini yake. Nilimtumia, yuko Muscat siku hizi. Akaniuliza kama nina uhakika ni yenyewe, maana yeye anakumbuka alichora wachezaji wawili.